Kilo kwanza, shilingi baadaye: shajara ya mradi wa kujifunza uchunguzi wa udanganyifu, Masasi

Mradi unaandaa mafunzo kwa wajumbe wa kamati za usimamizi za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao), wahasibu wanaoanza kazi na maofisa ushirika wa Masasi, Newala na Nachingwea wanaotaka kujua namna ya kuchunguza wizi unaopita kwenye karatasi. Hakuna kesi ya kweli inayotumika. Chama kinachochunguzwa ni cha kutunga na kinaitwa Chama cha Mazoezi tu: wakulima 412, msimu mmoja wa korosho, kilo 286,540 zilizopokelewa, na bei ya kukadiria ya Sh 3,000 kwa kilo ili hesabu isimsumbue mtu. Ndani ya faili zimefichwa mbinu nne za wizi. Washiriki hawaambiwi idadi.

Juni. Kutengeneza faili

Faili safi mno halifundishi kitu. Leja ikipangwa vizuri na kosa likaachwa moja tu, mshiriki atalikuta kwa macho na ataondoka akidhani uchunguzi ndio huo. Kwa hiyo faili limejaa makosa ya kawaida ya binadamu: tarehe zilizoruka, majina yenye tahajia tatu, jumla zilizokosewa kwa shilingi chache, chai iliyomwagika. Mengi hayana maana yoyote, na kazi ya kwanza ya mchunguzi ni kuyaacha hayo yapite.

Kuna vitabu 25 vya stakabadhi za mapokezi, kila kimoja kina namba 50 zenye nakala tatu za kaboni: nyeupe ya mkulima, ya njano ya kulipia, na ya bluu inayobaki kitabuni. Jumla ni namba 1,250. Zilizotumika ni 1,240. Katika 10 zilizobaki, 6 zimefutwa kwa mistari miwili na nakala zote tatu zimo. 4 hazipo kabisa, wala kishina chake. Mtihani wa kwanza ni kupanga namba kwa mfuatano na kuandika zinazokosekana. Kazi ya kuchosha, na ndiyo maana wakaguzi wengi wa haraka huiruka. Stakabadhi iliyofutwa huku nakala zake zote zikiwepo haina neno. Iliyotoweka mzima mzima inaulizwa.

Zaidi ya hivyo kuna daftari la mapokezi, hati 28 za kusafirishia mzigo, stakabadhi 28 za ghala kuu, taarifa ya mauzo ya mnada, taarifa ya benki, orodha ya malipo ya wakulima, hati za malipo 146 za matumizi ya chama, na mihtasari ya vikao vya bodi.

Kila karatasi inaulizwa swali moja: aliyeiandika ana sababu gani ya kukubaliana na aliyeandika ile nyingine? Karani akiandika stakabadhi kisha akanakili mwenyewe kwenye daftari la mapokezi, karatasi hizo mbili ni sauti ya mtu mmoja na hazithibitishani hata zikifanana hadi nukta. Mtunza ghala kuu hapati faida ya moja kwa moja karani akizidisha kilo. Benki haijui korosho zilipimwa vipi. Pale karatasi za watu wasiofahamiana zinapogongana ndipo pa kusimama.

Na mahali pa kuanzia ni kilo. Fedha za AMCOS huzaliwa kwenye mizani: kilo zikishaharibiwa kabla ya kuandikwa, shilingi zitafungana vizuri kabisa, usuluhisho wa benki utakaa sawa, na mkaguzi atakayeanza na daftari la fedha atatoka mikono mitupu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, mzigo unapimwa angalau mara mbili na watu tofauti, chamani na ghala kuu. Hiyo ni zawadi kwa mchunguzi, na haitumiki ipasavyo.

Julai. Mizani na tarakimu ya mwisho

Zoezi la kwanza halihitaji kompyuta. Washiriki wanachukua kitabu kimoja na kuhesabu tarakimu baada ya nukta katika uzito wa kila gunia. Mizani ya kielektroniki inayosoma kwa gramu 100 itatoa 79.3, 80.6, 78.0, 81.9 na kadhalika. Magunia yakiwa mengi, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 itatokea karibu sawa, kama asilimia 10 kila moja. Katika faili letu karibu zote ni 0. Mtu anakata nukta.

Kukata nukta kunaonekana kama mchezo mdogo. Ukikata kuanzia 0.0 hadi 0.9, wastani wa unachokata ni kilo 0.45 kwa gunia. Chama kimepokea magunia 3,600 hivi. Hizo ni kama kilo 1,620, yaani Sh 4,860,000, na hakuna mkulima atakayelalamika kwa nusu kilo. Kilo hizo zipo kweli ghalani, kwa hiyo lazima ziandikwe kwa jina la mtu fulani ili zilipwe. Washiriki wanaambiwa watafute majina hayo wenyewe. Ni mawili, yote yalianza kuonekana baada ya wiki ya tatu ya msimu, na hayamo kwenye orodha ya waliopata salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho.

Tahadhari inayosahaulika: kabla ya kumtuhumu mtu, soma mgawanyo wa mizani yenyewe. Mizani inayosoma kwa nusu kilo itatoa 0 na 5 peke yake, na hapo hakuna wizi wowote. Angalia pia muhuri wa Wakala wa Vipimo na tarehe yake.

Makato ya uzito wa gunia yanaingia hapa pia. Gunia tupu la jute ni kilo moja hivi. Chama kinachokata kilo mbili kila gunia kimechukua kilo moja isiyo yake. Pima magunia matupu kumi kwa pamoja, gawanya kwa kumi, linganisha na kinachokatwa. Yawe makavu, kwa sababu jute hunywa unyevu.

Mizani yenyewe inajaribiwa kwa mawe ya kupimia yaliyothibitishwa: 20, 40, 60, 80, halafu jiwe la 20 linahamishwa pembe zote nne za sahani. Mizani inayosoma sawa katikati na kupungua pembeni inampa mpimaji nafasi ya kuchagua gunia likae wapi. Mahali ambapo mawe hayapo, maji lita 20 yanatosha kutia shaka, si kuthibitisha: katika joto la huku yana kilo 19.9, ongeza uzito wa dumu. Alama ya lita 20 kwenye dumu haiaminiki, kwa hiyo mimina kwa chombo cha lita moja kilichopimwa.

Julai, mwishoni. Wastani unavyoficha

Chama kimepokea kilo 286,540. Ghala kuu limepokea 281,960. Pungufu ni 4,580, asilimia 1.6. Kila mtu chumbani anasema neno moja: unyaufu. Ni jibu zuri. Korosho ikikaa hukauka, na mzigo wa mwanzo wa msimu ukipelekwa na unyevu mwingi hupungua kweli.

Sasa vunja jumla hiyo safari kwa safari. Safari 24 zilibeba kilo 245,520 na kupungua 982, asilimia 0.4. Safari 4 zilibeba 41,020 na kupungua 3,598, karibu asilimia 8.8. Unyaufu hauchagui lori. Washiriki wanaofika hapa huinua mikono na kusema dereva. Faili limetengenezwa makusudi ili dereva asiwe jibu rahisi: safari hizo nne zina madereva wawili tofauti, na hao hao waliendesha safari nyingine zisizo na tatizo.

Kila kundi linaandika maelezo mawili yanayopingana, na chini ya kila moja, kitu ambacho lazima kionekane kama maelezo hayo ni ya kweli. La kwanza: korosho zilipunguzwa njiani. Basi magunia yangekuwa yamefunguliwa na kushonwa upya, uzi ungekuwa tofauti, muda wa safari ungerefuka, au idadi ya magunia ingepungua. La pili: korosho hizo hazikuwahi kuwepo, zimezidishwa kwenye karatasi kabla lori halijapakiwa. Basi kungekuwa na stakabadhi zenye kilo zisizolingana na magunia.

Magunia yalikuwa 128 kila safari, yalipotoka na yalipofika. Mtunza ghala hakuandika lolote kuhusu mishono. Muda wa njiani ni wa kawaida. Na kilo zilizo kwenye hati za kusafirishia hazikupimwa wakati wa kupakia. Karani alijumlisha stakabadhi tu. Hapo ndipo maelezo ya pili yanapoanza kupata uzito.

Kwenye Excel ni safu moja ya ziada: kilo gawanya kwa idadi ya magunia. Panga kuanzia kubwa. Juu kabisa zinakaa stakabadhi 34 zenye gunia moja na kilo 184, 179, 181, 186. Hakuna gunia la jute linalobeba hivyo. Aliyezidisha alikumbuka kilo na kusahau safu ya magunia. Thelathini na nne mara 100 ni kilo 3,400, na kinachobaki kwenye pungufu la safari zile, kilo 198, ni unyaufu wa kawaida tu.

Halafu karatasi yenyewe. Stakabadhi moja ya kundi hilo imewekwa mezani: kwenye nakala nyeupe "184" imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Kwenye nakala ya kitabuni, "84" ni ya kaboni, hafifu, kingo zake zimetapakaa kidogo. "1" iliyo mbele yake ni wino halisi, imebana mstari wa jedwali na imelala upande wa kushoto. Weka tochi ya simu pembeni, karibu sambamba na karatasi, na utaona "84" imebonyea mpaka ukurasa unaofuata, "1" haikubonyea. Sehemu ya kuandika kilo kwa maneno iko wazi, kwenye zote 34.

Marufuku kupaka penseli juu ya karatasi ili kuona mibonyeo. Watu wameona kwenye filamu. Ukipaka, umeharibu kielelezo na mtaalamu wa maandishi hatakuwa na cha kupima. Piga picha na mwanga wa pembeni, basi.

Agosti. Excel inavyodanganya

Orodha ya malipo iliingizwa kwenye Excel, na matatizo ya hapa yanafanana kila mahali hivi kwamba yamepewa kipindi chake.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Zinazofuata hugeuka sifuri bila kukuuliza, na ukishahifadhi faili hazirudi. Kwa hiyo safu ya NIDA, ya akaunti na ya simu zipangwe kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote. Akaunti na simu zinazoanza na 0 hupoteza sifuri hiyo kwa njia ile ile.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linazalisha watuhumiwa. Wengi hutafuta marudio kwa COUNTIF, fomula ya Excel ya kuhesabu. Hata safu ikiwa maandishi, COUNTIF huisoma kama namba na kulinganisha tarakimu 15 za mwanzo. Nane za kwanza za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa sehemu moja wanaweza kuonekana kuwa mtu mmoja, na kijijini wazee wasiojua siku yao halisi huandikwa tarehe za kukadiria, hivyo wanaorundikana kwenye tarehe moja si wachache. Tumia hii badala yake, kama NIDA ziko safu ya D: =SUMPRODUCT(--(D$2:D$500=D2)). Inalinganisha maandishi yote. Jibu likizidi 1, kuna marudio ya kweli.

Majina yasitumike peke yake kamwe. Mohamedi, Mohamed, Muhamedi. Hassani na Hassan. Saidi na Said: kwa huku Kusini hizo ni tahajia za mtu yule yule siku tofauti, na pia ni watu tofauti wa nyumba moja. Akaunti moja yenye majina mawili inaweza kuwa mama anayepokea kwa niaba ya mwanawe. Inaweza pia kuwa karani. Jedwali halijui tofauti hiyo.

Agosti. Kilo kwa mti

Kilo zenyewe zinaweza kuwa halali kwenye mizani na jina likawa la uongo. Hiyo ndiyo kangomba inavyoingia chamani: mnunuzi wa pembeni ananunua kwa kipimo chake kabla ya msimu, kwa bei ya njaa, kisha anapitisha mzigo kwa majina ya wakulima. Serikali iliponunua korosho mwaka 2018 kwa Sh 3,300 kwa kilo, uhakiki wa mashamba ulitangulia malipo kwa sababu hiyo hiyo.

Kipimo chetu ni kilo kwa mti. Nafasi ya mita 12 kwa 12 inatoa miti 69 kwa hekta, 28 kwa ekari. Jina lenye ekari 3 na kilo 4,000 linadai kilo 47 na ushei kwa kila mti. Tumeweka 20 kuwa alama ya kuuliza, si alama ya hatia. Katika faili kuna majina 7 yanayovuka 40. Mikorosho ya zamani haikupandwa kwa kamba, shamba lingine linaweza kuwa kijiji jirani, na kaka mwenye akaunti huuza ya ndugu zake wote. Kwa hiyo hatua inayofuata ni kwenda kuhesabu miti, na wenyekiti wa kitongoji wawepo.

Agosti, mwishoni. Hati za malipo na sheria ya Benford

Kwenye Chama cha Mazoezi meneja anaidhinisha hadi Sh 500,000. Zaidi ya hapo ni bodi. Hati 146 zikigawanywa kwa matabaka ya Sh 20,000, tabaka moja linachomoza: kati ya 480,000 na 499,999 kuna hati 19, wakati matabaka jirani yana mbili tatu. Kumi na mbili kati yake ni jozi: muuzaji mmoja, siku moja, turubai na kamba za kufungia magunia. Malipo yamekatwa vipande ili yasifike kwenye bodi. Risiti zake zina namba zinazofuatana ingawa tarehe zimepishana kwa mwezi mzima, maana yake duka hilo halikumuuzia mtu mwingine yeyote mwezi huo. Hesabu ya matabaka inatosha hapa. Hakuna haja ya kitu kikubwa zaidi.

Benford inafundishwa kwa sababu washiriki wataisikia na ni vizuri waijue mipaka yake. Simon Newcomb aliigusia mwaka 1881 na Frank Benford akaipa takwimu mwaka 1938: katika makundi mengi ya namba za asili, tarakimu ya kwanza huwa 1 kwa asilimia 30.1, 2 kwa 17.6, na hivyo kushuka hadi 9 kwa 4.6. Inafaa namba zinazotoka maelfu hadi mamilioni bila dari wala sakafu. Haifai uzito wa magunia, yote yakiwa karibu na 80. Haifai posho, ambayo ni kiwango. Na kundi la hati 146 ni dogo. Itapiga kengele za bure.

Orodha ya malipo ya wakulima 412 inafuata Benford vizuri, na bado ina majina hewa mawili, stakabadhi 34 za kughushi na majina ya kangomba. Kukaa sawa na Benford hakumsafishi mtu.

Septemba. Mahojiano

Mpangilio wa mahojiano huanzia mbali na mtuhumiwa: wakulima, wapakiaji, madereva, mtunza ghala, kisha makarani, na mwenye maswali mengi anakuja mwisho. Ukianza naye, utampa orodha ya karatasi za kupoteza. Mfumo unaofuatwa ni ule uliotengenezwa Uingereza na Wales mwanzoni mwa miaka ya 1990: panga, jitambulishe na eleza sababu, acha mtu asimulie, funga, kisha jipime. Uzito wake wote uko katika kumwacha mtu asimulie.

Zoezi linachezwa na wawili, mchunguzi kijana na mkulima mzee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, niambie siku uliyopeleka korosho chamani ilivyokwenda, tangu ulipofika mpaka ulipoondoka."

"Nilifika na gunia langu, likapimwa. Karani akasema karatasi nitapewa kesho, kitabu kimeisha."

"Akaandika wapi?"

"Kwenye daftari la shule."

Daftari la shule halimo popote kwenye orodha ya nyaraka za chama. Ndilo lenye uzito halisi, na nukta zake. Swali ambalo wengi huanza nalo, "Bibi, si ndiyo walikuibia pale kwenye mizani?", lingepata "Eeh" na basi, mkalimani wa Kimakonde au Kimwera angeongeza yake, na ushahidi ungekuwa umekufa. Mkalimani asiwe ndugu wa upande wowote, na aandikwe jina na saini kwenye maelezo.

Kuhusu pembetatu ya Donald Cressey, yule mwanasosholojia wa Marekani aliyewahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa na mwaka 1953 akataja shida isiyosemeka, nafasi na kujihalalishia: walimu wanaipenda kuliko inavyostahili. Inasaidia kuziba mianya chamani kabla ya msimu. Haithibitishi chochote. Kila mtu Masasi ana shida ya fedha mwezi wa Agosti.

Septemba. Mali isiyoelezeka

Njia ya ongezeko la mali ni ya zamani. Waendesha mashtaka wa Marekani walimtia hatiani Al Capone mwaka 1931 kwa kukwepa kodi, kwa sehemu kubwa wakionyesha alivyotumia kuliko alivyotangaza. Hesabu ya karani wa kutunga:

Mali mwanzoni mwa kipindi Sh 6,500,000, madeni 1,000,000: thamani halisi 5,500,000.
Mali mwishoni 19,300,000, madeni 800,000: thamani halisi 18,500,000.
Ongezeko 13,000,000. Ongeza matumizi ya maisha 4,800,000: jumla 17,800,000.
Toa kipato kinachojulikana, mshahara na korosho zake, 6,900,000.
Kisichoelezeka: 10,900,000.

Stakabadhi 34 zina thamani ya Sh 10,200,000. Namba mbili hizo zimewekwa jirani makusudi, na mtego unawanasa karibu wote. Ukaribu wa namba si uhusiano. Kinachohitajika ni mkondo: fedha zilitoka akaunti gani, siku gani, zikaingia wapi.

Njia hii huanguka mwanzoni, si mwishoni. Kama hukuandika mali ya mwanzo vizuri, wakili atasema mteja wake alikuwa na akiba nyumbani, na utakosa la kujibu. Huku kwetu ongeza michango na kutunzwa kwenye jando na unyago, ambako familia inaweza kukusanya fedha nyingi kihalali kwa siku moja na kuna daftari la michango la kuthibitisha. Liombe. Nyumba nayo hujengwa miaka: tofali msimu huu, bati msimu ujao. Ukiiweka nyumba nzima kwenye mwaka wa mwisho, umemzushia mtu kipato. Muulize fundi bati liliezekwa lini.

Septemba, mwishoni. Kielelezo na mpaka wa mamlaka

Fomu ya kielelezo imepunguzwa hadi safu sita: namba ya kielelezo, ni nini, kilichukuliwa wapi na kwa nani, tarehe na saa, aliyekabidhi na saini, aliyepokea na saini. Kila kinapobadilisha mikono ni mstari mpya. Mahakama ya Rufani, katika Rufani ya Jinai Namba 110 ya 2007, ilisisitiza mtiririko wa maandishi unaoonyesha kielelezo kilikamatwa vipi, kikatunzwa na nani na kikahamia kwa nani. Stakabadhi halisi inawekwa kwenye bahasha bila kutobolewa wala kubanwa na pini. Kazi zote zinafanyika kwenye nakala.

Faili la kompyuta linanakiliwa mara mbili, kisha linapigwa alama ya SHA-256. Kwenye Windows ni amri moja: certutil -hashfile orodha.xlsx SHA256. Herufi na tarakimu 64 zinazotoka zinaandikwa kwenye fomu kwa mkono na kusainiwa na mashahidi wawili. Faili likiguswa hata herufi moja, alama inabadilika yote. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na uzima wake kulindwa. Alama hiyo ni jibu la sehemu ya swali hilo. Kufungua faili halisi "kuliangalia tu" kunaweza kubadilisha tarehe zake, kwa hiyo usilifungue.

Kamati ya usimamizi inaweza kukagua vitabu vya chama. Haiwezi kudai taarifa ya benki ya karani wala miamala ya simu yake. Hiyo ni kazi ya vyombo vyenye mamlaka kisheria. Anayepata miamala ya mtu kwa kumwomba rafiki aliye wakala amevunja sheria na ameharibu kesi. Kinachopatikana kwa haki kinapelekwa kwa mrajisi msaidizi wa vyama vya ushirika, na panapoonekana jinai, TAKUKURU (simu 113 haina malipo) au Polisi. Taarifa inayopelekwa inataja ukweli na karatasi zake. Si kazi ya kamati kuchagua kifungu, ila inasaidia kujua kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kifungu cha 22 kuhusu nyaraka za kumdanganya mwajiri na cha 28 kuhusu ubadhirifu na ufujaji, kwa sababu hivyo ndivyo mpelelezi atakavyozisoma zile stakabadhi 34: nani aliandika, nani alijua, nani alilipwa.

Yaliyobaki kabla ya Oktoba

Faili linahitaji safari ya 29 ambayo mzigo wake umeongezeka ghala kuu badala ya kupungua, kilo 60 hivi. Washiriki wamezoea kutafuta pungufu. Ziada hawaiulizi, ingawa mara nyingi hutokana na nukta zilizokatwa au mvua iliyolowesha turubai bovu. Kipimo cha unyevu cha kuazima kinatakiwa ili tofauti hiyo ionekane mezani. Daftari la shule la bibi litaandikwa upya kwa penseli na kwa mwandiko wa mtu mwingine, likiwa na kurasa mbili zilizochanwa.